KAMA SHERIA IMERUHUSU, KOSA LIKO WAPI?

Swali lenyewe ni fupi, ila limewanyima watu usingizi, na mimi ni mmojawapo. Mtu akicheza kwa kufuata sheria zote, asiibe, asidanganye, asimrushie mtu ngumi, halafu kwa uchezaji wake huo huo akauua mchezo, je, ana hatia? Usikimbilie kujibu. Nimewasikia watu wazima na akili zao wakijibu ndiyo, na wengine wakijibu hapana kwa ukali ule ule, kila upande ukiuona wa pili kama wa wendawazimu.

Mchezo ninaouzungumzia ni mgeni kwetu, kwa hiyo acha niueleze kwanza. Ipo futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega yaliyovimba, mpira wake una umbo la yai na miguu haihusiki sana. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikisogea hupewa nyingine nne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Baada ya kila nafasi wote husimama, hupanga, kisha hugongana tena. Ndiyo maana mimi husema kwamba mchezo ule ni ndugu wa sataranji kuliko ndugu wa soka letu, ingawa sataranji haivunji mtu mbavu. Bwana mkubwa wa uwanjani huitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayeupokea mpira na kuamua: aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au atoke nao mwenyewe.

Sasa Wamarekani hawakutosheka na kucheza na kutazama. Wakatunga michezo ya kompyuta ambamo wewe si mchezaji, wewe ni meneja. Jim Gindin alitoa Front Office Football mwaka 1998. Siku hizi ipo Football GM ya Jeremy Scheff, ambayo unaicheza bure ukiwa na intaneti. Na zipo ligi za mtandaoni ambamo kila timu ina mtu wake, huyu Ohio, yule Texas, mwingine Ujerumani. Humo hugusi mpira. Mchezaji ni safu ya namba tu: kasi kiasi hiki, mikono kiasi hiki, nguvu kiasi hiki. Unasajili, unaachisha, unabadilishana, unaandika mbinu za kila hali, halafu saa ikifika seva inazicheza mechi zote na kukutupia matokeo usoni.

Niliingia ligi moja ya namna hiyo. Jina lake silitaji kwani hainisaidii kitu. Mechi zilichezwa saa tatu usiku ya New York, ambayo miezi yao ya joto ni saa kumi alfajiri kwetu. Mama mwenye nyumba aliuona mwanga wa simu dirishani alfajiri kadhaa mfululizo, akawaambia wapangaji wenzangu kwamba kijana yule ameshika dini. Sikumkanusha.

Humo ligini alikuwamo jamaa mmoja, nitamwita Mvumbuzi. Timu yake ilikuwa ya mkiani. Siku moja akagundua kitu: pasi fupi ya pembeni, ile ya kumtupia mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwa kwotabeki, programu haikujua kuizuia. Umpange mlinzi wako utakavyompanga, awe na kasi ya duma, alikuwa akichelewa hatua mbili. Mvumbuzi akaipiga pasi ile nafasi ya kwanza. Akaipiga ya pili. Akaipiga ya tatu. Yadi nne, yadi tano, yadi tatu, polepole kama mtu anayekula muwa, mpaka mwisho wa uwanja. Halafu tena. Wiki ile alishinda, na wiki iliyofuata, na nyingine. Akayauza majitu ya mstari wa mbele, wale wazito wenye mishahara minono, akanunua kwa bei chee vijana wafupi wenye mikono mizuri ambao hakuna aliyekuwa akiwataka. Timu nzima ikawa imejengwa juu ya pasi moja.

Kelele zikaanza. Wengine wakamwita mwizi. Wengine wakanyamaza kimya, kumbe wanajifunza. Baada ya muda nusu ya ligi inapiga pasi ile ile. Ukisoma maelezo ya mechi ilikuwa kama kusikiliza kaseti iliyokwama. Mwisho mwenye programu akaamka siku moja katikati ya msimu, akatoa tangazo la mistari miwili kwamba kasoro imerekebishwa, na alfajiri ile ile timu ya Mvumbuzi ikapigwa kama ngoma. Haikushinda tena mpaka msimu unakwisha. Na safari hii aliyepiga kelele ni yeye: nimedhulumiwa!

Hapo ndipo nilipoacha kulala hata zile siku ambazo hakukuwa na mechi. Nani alimdhulumu nani?

Wapo wanaosema Mvumbuzi hana doa hata moja. Msemaji wao hodari ni Mmarekani David Sirlin, mchezaji na mtunzi wa michezo, aliyeandika kitabu kizima kiitwacho Playing to Win. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba mtu anayelalamika kuwa mbinu fulani "si ya kiungwana" anacheza mchezo mwingine kichwani mwake, wenye sheria alizojitungia, kisha anataka wote tumtii. Mchezo ni ule ulioandikwa. Unachoruhusiwa kufanya, fanya. Ukishindwa, jifunze.

Hoja hii ina nguvu, tusiidharau. Nimekaa vijiweni vya kutosha kumjua mtu wa namna hiyo. Unamla kete tatu kwenye drafti, anaguna: "Aa, wewe unacheza kiwoga, unakaa pembeni tu." Kwani pembeni si ubao? Kutetea kete zangu kumekuwa dhambi tangu lini? Mtu yule hana hoja ila maumivu, na maumivu hayatungi sheria.

Hata hivyo Sirlin mwenyewe hakatai kwamba kuna vitu vichache vinavyostahili kupigwa marufuku, vile vinavyoufanya mchezo wote kuwa kitu hicho kimoja tu. Na hicho ndicho kilichotokea ligini kwetu. Hebu tuingie ndani kidogo.

Kuchagua maana yake nini? Nikikuambia uchague kati ya shilingi elfu kumi na shilingi mia, bila masharti yoyote, sijakupa nafasi ya kuchagua, nimekupa mtihani wa macho. Kuchagua kunaanza pale ambapo kila njia ina faida yake na gharama yake, nawe hujui jirani yako atashika ipi. Meneja wa futiboli, mathalani, akirusha mpira mbali anaweza kupata yadi 40 au akanyang'anywa. Akikimbia nao anapata kidogo ila kwa uhakika zaidi. Mpinzani akijua utakimbia anajaza watu mbele, na akijaza watu mbele amekuachia nyuma wazi. Wanazunguka hivyo, kila jibu likizaa swali. Hiyo ndiyo mizani inayozungumzwa na watunzi wa michezo. Timu kuwa sawa si sharti lake. Sharti lake ni kwamba pasiwepo njia moja iliyo bora wakati wote dhidi ya kila mtu. Ikiwepo, maswali yote yamekufa, na meneja aliyekaa macho alfajiri hana tofauti na aliyelala.

Kwa hiyo Mvumbuzi hakuiba ushindi wa mtu. Alichokichukua ni kikubwa kuliko ushindi: uwezo wa wenzake kuchagua. Na alichukua wake pia, jambo ambalo nadhani hakulitambua. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, anaeleza kwamba kucheza ni kuvikubali kwa hiari yako vikwazo visivyo vya lazima. Mcheza gofu angeweza kuubeba mpira mkononi akautia shimoni. Haubebi, kwa sababu akiubeba hakuna gofu. Sasa mtu anayebonyeza pasi ile ile mara sitini kwa mechi, kikwazo chake kiko wapi?

Msije mkadhani kwamba balaa hili limeletwa na kompyuta. Mwaka 1892 timu ya chuo cha Harvard ilipata mshauri aitwaye Lorin Deland, mfanyabiashara wa Boston. Bwana huyu hakuwahi kucheza futiboli. Alipenda sataranji na habari za vita vya Napoleon, basi. Angezaliwa zama zetu angekuwa bingwa wa ligi za mtandaoni, sina shaka. Alisoma sheria za futiboli kama mtu anavyosoma mkataba wa nyumba, akaona mwanya: hakuna mahali palipokataza watu kuanza kukimbia kutoka mbali, kwa makundi mawili, wakakutana kwa kasi mbele ya mwenye mpira wakiwa na umbo la kabari, wakamvamia mlinzi mmoja kwa uzito wao wote. Novemba ile waliitumia dhidi ya Yale. Cha kuchekesha ni kwamba Harvard walifungwa 6 kwa 0 siku hiyo hiyo. Lakini wote waliokuwapo waliona kabari ile ilivyowapasua watu, na mwaka uliofuata vyuo kibao vilikuwa na kabari. Mwaka 1894 ikapigwa marufuku. Kwenye kompyuta mlinzi akichelewa hatua mbili unapoteza yadi tano. Pale Massachusetts mlinzi aliyekutana na kabari aliondoka na mifupa yake mkononi.

Na mchezo wenyewe haukupona haraka. Mwaka 1905 vijana kadhaa walifia viwanjani hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka 1906 zikaja sheria mpya. Yadi za kutafuta zikapandishwa kutoka 5 hadi 10, na kwa mara ya kwanza mtu akaruhusiwa kuurusha mpira mbele. Naomba ulitazame hili kwa jicho la mtunzi: walioileta pasi waliiogopa. Wakaiwekea bei, kwamba pasi isiyofika, isiyoguswa na yeyote, iwape wapinzani mpira. Walijua kwamba kitu kipya kikiwa rahisi mno kitakula vyote vya zamani. Waliipunguzia bei kidogo kidogo miaka iliyofuata. Huo ni usawazishaji wa mchezo, tena wa hali ya juu, ukifanywa na wazee wenye masharubu ambao hawakuwa hata na redio.

Sasa tufike kwenye kipimo changu, maana nimekuwa nikizunguka. Nasema hivi: tofauti kati ya mbinu na mwanya ni kama mpinzani ana jibu. Ukinishinda kwa sababu sikufikiri, au nilikuwa mvivu, au wachezaji wangu ni wabovu, umenishinda, nakupa mkono. Ukinishinda kwa sababu mashine inamfunga miguu mlinzi wangu hata nimwelekeze vipi, hukunishinda mimi. Umeishinda mashine, nami nilikuwepo tu kama mtazamaji aliyekosa kiti.

Kipimo hiki ninakijaribu kwenye kesi ya juzi juzi. Timu ya Philadelphia Eagles ina mtindo wa kumkusanya kwotabeki wake nyuma ya mstari, yadi moja tu ikiwa imebaki, na wenzake wakamsukuma kwa nyuma hadi avuke. Wamarekani wameupa jina ambalo kwa heshima ya wasomaji nitalitafsiri "sukuma kalio". Ulifanikiwa mno. Mwaka 2025 Green Bay Packers wakapeleka hoja upigwe marufuku, na mwezi Mei wenye timu wakapiga kura: 22 wakataka ufe, 10 wakakataa. Zilihitajika 24 kati ya 32. Ukapona kwa upungufu wa kura mbili.

Mimi ningekuwa na timu ningekuwa upande wa wale 10. Kwa nini? Kwa sababu wengine waliujaribu mtindo huo huo na hawakuupata kama Eagles walivyoupata. Kwotabeki wao, Jalen Hurts, ana miguu ya kunyanyulia vyuma, na mstari wao wa mbele ulikuwa wa watu walioshiba. Sheria iliwapa wote ruhusa sawa. Walioweza ni wachache. Hiyo ni mbinu. Waliosema una hatari ya kuumiza watu, hoja yao ni nyingine na inastahili kujibiwa kivyake. Lakini wale waliosema tu kwamba "haupendezi" au "si futiboli", hao wakakae na jamaa yangu wa drafti.

Kipimo changu kina tundu, nalijua. Nani atasema kwamba jibu halipo? Labda lipo na hatujalitafuta. Ligini kwetu kulikuwa na mzee mmoja wa Ohio aliyesisitiza kwamba pasi ya Mvumbuzi inazuilika, akajaribu mipangilio kila wiki kama mganga na mizizi yake, akifungwa na kurudi. Mimi namheshimu mzee yule kuliko wote waliopiga kelele. Bila watu kama yeye kutafuta jibu na kulikosa, neno "mwanya" ni tusi tu. Kwa hiyo muda lazima upite, tena watu waumie ndani ya muda huo. Sioni njia ya kulikwepa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Mwaka 1991 ulitoka mchezo wa Tecmo Super Bowl wa mashine za Nintendo. Ndani yake mchezaji Bo Jackson wa Raiders alitungwa na kasi ya ajabu. Akishapewa mpira alikuwa akizunguka uwanja mzima huku walinzi wakianguka nyuma yake kama nguo zilizokatika kamba. Kasoro? Kasoro kabisa. Lakini ilikuwa kaseti ya plastiki. Ikishauzwa imeuzwa, hakuna fundi wa kuirekebisha usiku wa manane. Basi marafiki wakiketi kucheza walikuwa wakikubaliana kwanza: leo hakuna Raiders. Au: unaruhusiwa Raiders, ila ukimchukua Bo usilalamike nikikufanyia lolote. Walikuwa wenyewe ndio mahakama.

Ni sawa na sisi na ubao wetu. Kijiwe chetu, mgeni akifika, huulizwa kabla ya kete kusogea: kula ni lazima au hiari? Kila mtaa una jibu lake, na mkishakubaliana mmekubaliana.

Katika mchezo wa mtandaoni mahakama hiyo imekufa. Fundi yupo. Na kwa kuwa fundi yupo, kila mtu anajiambia: kama ni kosa si angelirekebisha? Hajalirekebisha, basi si kosa. Dhamiri imehamishiwa kwenye seva. Nilimwandikia Mvumbuzi nikamwuliza, bila ugomvi, kama anafurahia ushindi wake. Akanijibu kwamba furaha si hoja, hoja ni kama inaruhusiwa, na akaongeza kuwa akiacha yeye wengine wataendelea, naye atakuwa bwege peke yake. Hilo la pili ni kweli, na ndilo linalonifanya nisimwite mwovu. Katika watu 32 wasiojuana sura, mmoja akijizuia hakuokoi kitu. Marafiki wawili sebuleni wanaweza kusema "hakuna Bo". Wageni 32 walisemee wapi? Nakubali basi kwamba fundi lazima awepo. Nisichokubali ni watu kujifanya kwamba, kwa kuwa yupo, wao hawaoni tena walichokuwa wakikiona.

Kuhusu fundi nina ya kusema zaidi, maana mzigo wake ni mzito na watu humtukana tu. Mtunzi wa mchezo wa kumwigiza meneja ana mabwana wawili. Mmoja ni ukweli: anataka mchezo ufanane na futiboli halisi. Wa pili ni usawa: anataka kila njia iwe na maana. Mabwana hawa hawapatani. Kwenye futiboli halisi kwotabeki ana uzito kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani; timu yenye kwotabeki mbovu inaweza kuwa na malaika kwenye nafasi nyingine zote na bado ikateseka. Ukiiga hilo kwa uaminifu, ligi yako itakuwa vita ya kugombea watu watano au sita, na aliyemkosa mmoja wao akalale. Ukilipunguza, wajuzi watakuambia umedanganya.

Au chukua suala la kubadilishana wachezaji. Kila mchezo wa aina hii hulaumiwa kwamba mameneja wa kompyuta ni mazuzu, unawapa mzee mmoja mwenye jina wanakupa mustakabali wao wote. "Hakuna timu halisi ingekubali," watu husema. Kweli? Oktoba 1989 Dallas Cowboys, timu iliyomaliza msimu ule na ushindi mmoja katika mechi 16, walimtoa mkimbiaji wao Herschel Walker kwa Minnesota Vikings, wakapokea wachezaji kadhaa na lundo la nafasi za kuchagua vijana wapya. Kwa nafasi zile na mbinu nyingine walijenga timu iliyotwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Minnesota hawakuambulia hata mmoja. Ungeandika programu inayokubali biashara ile, watu wangekurushia mawe kwamba haina ukweli.

Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tunaijua shida hiyo, au tungepaswa kuijua. Jambo lililotokea kweli si lazima liaminike kwenye karatasi. Na shujaa anayeshinda kila ukurasa kwa ujanja ule ule, hata kama unamjua mtu wa mtaani kwenu aliyeshinda hivyo hivyo maisha yake yote, msomaji atamfunga kitabuni ukurasa wa arobaini.

Halafu kuna kichekesho cha usawa wenyewe. Wamarekani hawa, wahubiri wa soko huria, kwenye futiboli yao ni wajamaa kutuzidi sisi enzi za Azimio. Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia iliyokuwa dhaifu, ndiye aliyewashawishi wenzake mwaka 1935 kwamba timu ya mwisho ndiyo iwe ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Uchaguzi huo wanauita drafti (si ile yetu ya vizibo). Wa kwanza ulifanyika 1936, na Eagles ya Bell ikapata chaguo la kwanza, ikamteua Jay Berwanger, ambaye hakucheza mechi hata moja ya ligi ile. Mwaka 1994 wakaongeza kikomo cha mishahara, dola milioni 34.6 kwa timu, tajiri na maskini sawa. Ni mizani nzuri. Lakini mara tu unapomzawadia wa mwisho, unamfundisha mtu kutaka kuwa wa mwisho. Ligi za mtandaoni zimejaa mameneja wanaofungwa makusudi kuanzia katikati ya msimu ili wachague mapema. Nao pia hawavunji sheria yoyote. Kila kiraka kina mshono wake, na mshono ndiko panya wanakoanzia.

Narudi kwa Mvumbuzi na dai lake, kwa kuwa sijalijibu. Je, alidhulumiwa pasi yake ilipofutwa katikati ya msimu?

Naona ndiyo, na naona hivyo huku nikiwa miongoni mwa walioteswa na pasi ile. Kurekebisha kulikuwa haki. Namna ya kurekebisha haikuwa. Mtu yule alijenga timu kwa sheria zilizokuwepo hadharani. Aliuza majitu yake kwa bei ambayo sheria zile ziliipa maana. Sheria ikibadilika usiku, wale vijana wafupi wanabaki mikononi mwake kama nguo za sikukuu iliyoahirishwa. Wenye futiboli halisi wanalifahamu hili: Januari 2022 Buffalo walifungwa na Kansas City 42 kwa 36 katika muda wa nyongeza bila kwotabeki wao Josh Allen kuugusa mpira, kwa sababu tu shilingi iliyorushwa iliangukia upande mwingine. Nchi nzima iliona kwamba sheria ni mbovu. Lakini hawakuibadilisha wiki ile. Walisubiri msimu ukaisha, wakapiga kura mwezi Machi, kwa ajili ya mechi za mtoano ambazo hakuna aliyejua nani atazicheza. Anayetunga sheria wakati hajui itamwangukia nani ana nafuu ya kuwa mwadilifu. Anayetunga katikati ya msimu anajua vizuri anamkata nani shingo.

Wengine watasema: basi tungeteseka na kaseti iliyokwama hadi mwisho? Kulikuwa na njia ya kati. Fundi angetangaza leo kwamba pasi itarekebishwa baada ya wiki tatu, kisha akafungua dirisha la kubadilishana wachezaji. Mvumbuzi angepata muda wa kuvaa nguo nyingine, na sisi tungejua mateso yana tarehe ya mwisho. Niliipeleka hoja hiyo ligini kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Mzee wa Ohio aliniunga mkono. Wengi waliobaki walisema mwizi haandaliwi taarifa ya kukamatwa. Mmoja wao, nilikwenda kumtazama kwenye kumbukumbu za mechi, alikuwa ameipiga pasi ile mara 48 katika mechi yake ya mwisho kabla ya tangazo.

Mvumbuzi alijitoa msimu ulipokwisha. Timu yake ilikaa bila mtu kwa muda, ikichezwa na kompyuta, kisha ikachukuliwa na kijana mpya ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini wapokeaji wote ni wafupi.